Monita Imezima: Uliza Kwanza Kama Kioo Kizima

Monita ikizima ghafla, swali la kwanza linalotutoka ni la pesa: fundi atachukua ngapi? Swali si baya, limewahi tu. Monita mbili za aina moja, zilizonunuliwa duka moja siku moja, zinaweza kuzima kwa namna inayofanana kabisa machoni. Moja ikapona kwa bei ya chakula cha mchana, nyingine isistahili hata nauli ya kuipeleka kwa fundi. Kinachozitenganisha ni kipi hasa kilichokufa ndani yake.

Ndani ya lile umbo jembamba kuna pande mbili. Upande mmoja ni kioo, yaani ile sehemu nzima inayotoa picha. Upande wa pili ni vyote vinavyokihudumia kioo: bodi ya umeme, bodi kuu inayopokea picha kutoka kwenye kompyuta, vitufe, matundu ya kebo, na adapta kama monita yako inatumia ya nje. Thamani kubwa ya monita imelala kwenye kioo. Ndiyo maana ukifika Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue kule Nairobi na monita kwapani, fundi mzoefu hakimbilii bisibisi. Anauliza kwanza: kioo kizima?

Swali hilohilo ndilo ningekushauri ujiulize ukiwa bado nyumbani. Kioo kikiwa kizima, fikiria kutengeneza. Kioo kikiwa kimekufa, fikiria kuuza, tena mapema. Taa za nyuma, zile zinazokipa kioo mwanga, zimekaa katikati ya pande hizo mbili, maana zimo ndani ya kioo lakini zinaweza kufa peke yake, nazo nitazirudia.

Anza na kisichokuwa ugonjwa. Monita inayoandika kwamba hakuna mawimbi, kwa Kiingereza chake cha "No Signal", iko hai: kioo kinaonyesha, taa zinawaka, bodi inafikiri. Kinachokosekana ni picha kutoka kwenye kompyuta, au monita imechagua tundu la VGA wakati wewe umechomeka HDMI. Ikiandika "Out of Range", kompyuta inatuma picha kwa kipimo ambacho monita haikiwezi; hilo ni la kurekebisha kwenye mipangilio ya kompyuta. Na monita zinazotumia DisplayPort zina tabia ya kulala fofofo na kukataa kuamka. Chomoa umeme ukutani, subiri dakika chache, rudisha. Kuna watu wamelipa "ufundi" kwa jambo hili moja tu.

Rangi zikibadilika ghafla, picha yote ikawa ya manjano, au zambarau iliyokolea, au buluu ya kijanikijani, tazama kebo ya VGA kabla ya kitu kingine. Ile plagi ya buluu ina pini ndogo 15 katika safu tatu. Pini ya kwanza inabeba rangi nyekundu, ya pili kijani, ya tatu buluu. Igeuze mbele ya mwanga: mara nyingi utakuta pini moja imelala ubavu kama meno ya kitana kilichokaliwa, kwa sababu mtu aliisukuma ikiwa imepinda. Nyekundu ikikosekana picha hugeuka samawati, kijani ikikosekana huwa zambarau, buluu ikikosekana huwa manjano. Inyooshe taratibu kwa ncha ya sindano au nunua kebo nyingine. Usiuze monita kwa sababu ya kebo.

Halafu kuna mistari na michirizi. Hapa fanya vipimo viwili. Cha kwanza, piga picha ya skrini kwa kutumia kompyuta yenyewe, kwa kitufe cha Print Screen, kisha itume kwenye simu na uitazame huko. Mistari ikionekana kwenye simu, monita haina kosa. Kadi ya picha ya kompyuta ndiyo mgonjwa. Isipoonekana, fanya cha pili: fungua menyu ya monita kwa vitufe vyake, ile ya kuongeza mwanga na rangi. Menyu hiyo inatengenezwa ndani ya monita, haitoki kwenye kompyuta. Menyu ikiwa safi na mistari iko kwenye picha tu, shuku kebo au tundu. Mistari ikipita katikati ya menyu pia, tatizo liko ndani ya monita, na kwa mistari ya wima iliyotulia mahali pamoja, karibu mara zote ni kioo.

Kipimo cha tatu ni cha monita iliyo nyeusi tii huku taa yake ndogo ya kuwashia ikiendelea kuwaka. Zima taa za chumba, iunganishe na kompyuta, kisha mulika tochi ya simu ikiwa imekaribia kugusa uso wa skrini, kwa mshazari. Sogeza polepole. Ukiona kivuli cha picha, aikoni za kompyuta zikijitokeza kwa mbali pale mwanga unapopita, basi picha ipo. Kioo kinachora, ila hakuna mwanga wa nyuma wa kukionyesha. Kipimo hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinampa mwenye monita jambo la kumwambia fundi badala ya kusubiri kuambiwa.

Na kama hata taa ndogo haiwaki, tuko kwenye umeme. Huko ndiko habari njema zilipo.

Monita nyingi hupokea umeme moja kwa moja kutoka ukutani kwa ile kebo nene ya matundu matatu inayofanana na ya kompyuta ya mezani. Nyingine, hasa nyembamba za miaka ya karibuni, zinatumia adapta ya nje. Kama yako ni ya adapta, yenyewe ndiyo mshukiwa wa kwanza, na kuibadilisha hakuhitaji kufungua chochote. Lakini soma maandishi. Ncha ya adapta kuingia tunduni haimaanishi umeme wake unafaa. Monita nyingi za Samsung zinahitaji volti 14, nyingi za LG volti 19, na zipo za volti 12. Chaja ya laptopu ya volti 19 ikiingizwa kwenye monita ya volti 12 inaweza kugeuza tatizo la adapta kuwa tatizo la bodi. Volti zilingane kabisa. Ampea ziwe sawa au zaidi. Na alama ya chanya katikati ya ncha ilingane na ile iliyochapwa nyuma ya monita. Anayekuuzia adapta mtaani akikuambia "hii inaingia zote", shukuru na uendelee na safari.

Monita yenye umeme wa ndani ina bodi yake, na kwenye bodi hiyo wagonjwa wa kawaida ni wawili: fyuzi na kapasita. Fyuzi ikiungua peke yake ni nadra. Kwa kawaida kuna kitu kingine kilichoiunguza, kwa hiyo fundi anayebadilisha fyuzi tu na kukurudishia monita bila kupima zaidi amekupa siku chache. Umeme wa kwetu unachangia sana. Unakatika, unarudi kwa kishindo, na ule wa kurudi ndio unaoua. Mwenye kawaida ya kuiacha monita kwenye soketi usiku kucha huku ikiwa imelala tu, anaiacha kwenye foleni ya kupigwa.

Kapasita zinahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndizo zinazofanya monita nyingi zitupwe bila sababu. Ni vile vipipa vidogo vya duara vilivyosimama kwenye bodi, vingine vyeusi, vingine vya buluu au kijani, vingi vikiwa na alama ya msalaba au ya herufi K juu ya kichwa. Alama hiyo imewekwa makusudi ili kifuniko kipasuke hapo kwa adabu badala ya kulipuka. Ndani yake mna kimiminika, na kimiminika hukauka au kuchemka. Kapasita nzima ina kichwa bapa kama sarafu. Iliyokufa imevimba kichwa, wakati mwingine imevuja ute wa kahawia uliokauka pembeni mwake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 viwanda vingi vya elektroniki viliingiliwa na kapasita mbovu zilizokuwa zikivimba kabla ya wakati, na monita za kipindi kile zilikufa kwa wingi hivyo. Hata baada ya hapo, joto limebaki adui yake. Mafundi wana kanuni ya kukadiria: kapasita ikifanya kazi kwenye joto lililopungua kwa nyuzi 10, maisha yake huwa karibu mara mbili. Geuza kanuni hiyo uitazame kwa upande wa monita iliyobanwa ukutani kwenye chumba kisicho na feni mwezi wa Februari, Dar es Salaam.

Dalili zake zinajulikana. Monita inachelewa kuwaka asubuhi: unabonyeza, inapepesa, inazima, inapepesa tena, kisha baada ya dakika kadhaa inakubali na kufanya kazi mchana kutwa. Wiki zinavyopita, muda wa kubembeleza unaongezeka. Mwishoni haiwaki kabisa. Ukiwa na historia hiyo, nafasi ni kubwa kwamba ni kapasita, na kapasita zenyewe ni vitu vya bei ndogo. Unacholipia ni mkono wa fundi. Mwambie aweke zenye maandishi ya nyuzi 105, si 85; kipimo cha maikrofaradi kilekile; volti zilezile au za juu kidogo. Na abadilishe zote za upande wa umeme mdogo kwa pamoja, kwa sababu zimezeeka pamoja.

Utaniuliza: je, niifungue mwenyewe? Kama huna mazoea ya bodi za umeme, hapana. Kwenye bodi ya umeme kuna kapasita moja kubwa kuliko zote, ya volti 400 au 450, ambayo inabeba takriban volti 325 za umeme wa moja kwa moja kutokana na ule wa 230 wa ukutani. Inaweza kuendelea kuzishika hata baada ya kuchomoa kebo. Anayejua huipima kwa mita na kuitoa chaji kabla ya kugusa, asiyejua huigusa. Monita za zamani zenye taa za nyuma za mirija zina bodi nyingine inayopandisha volti hadi mamia kadhaa, na wakati wa kuwasha hupita elfu moja. Si mahali pa kujaribia bahati watoto wakichungulia begani.

Jambo moja la huku kwetu ambalo vitabu vya ufundi vya ng'ambo hukosa: wadudu. Monita ina joto, giza na matundu ya hewa, na mende hulipenda hilo kuliko sisi. Mjusi pia. Akipita juu ya pini mbili za bodi usiku, yeye anakufa na bodi inaungua. Ukisikia harufu ya nyama iliyoungua pamoja na plastiki, usicheke. Huenda bodi imeungua sehemu ndogo tu na fundi akaisafisha na kubadilisha vipande viwili vitatu. Kwa wakazi wa Zanzibar, Mombasa na Tanga kuna chumvi ya hewani, inayoleta kutu ya kijani kwenye matundu ya kebo. Kusafisha na kulehemu upya tundu ni kazi ndogo, na monita iliyokuwa ikipoteza picha kila ukigusa meza huweza kutulia.

Sasa taa za nyuma. Monita zilizotengenezwa kabla ya takriban mwaka 2010 nyingi zina taa za mirija myembamba, mithili ya taa ndefu za dukani zilizonyweshwa dawa ya kukonda. Zikichoka, picha huja sekunde moja au mbili, kisha giza, huku taa ndogo ya kuwashia ikibaki palepale. Bodi imegundua hitilafu na imejizima kujikinga. Monita za baadaye zina taa za LED zilizopangwa kwenye mkanda, aghalabu ukingo wa chini. Mshipa mmoja ukikatika, sehemu ya skrini hufifia, au zote huzima. Taa hizi zinabadilika. Lakini kuzifikia ni lazima kioo kifunguliwe karatasi kwa karatasi, maana nyuma yake kuna tabaka za plastiki za kusambaza mwanga, na vumbi moja au alama ya kidole ikibaki humo utaiangalia kila siku hadi utakapoiuza. Fundi wa kazi hii awe ameshaifanya. Mwombe akuonyeshe monita aliyoifungua na kuirudisha. Kama hana, usiwe mteja wake wa kujifunzia. Kwa monita ya inchi 24 au zaidi, ya LED, yenye picha nzuri, mimi ningelipia. Kwa ile ya mirija, ya inchi 17 au 19, ningeiuza kama ilivyo.

Kioo chenyewe kikifa, mjadala ni mfupi. Ufa, wino mweusi unaotambaa, mistari ya wima isiyofutika: bei ya kioo kingine, ukiongeza kazi, hukaribia bei ya monita ya mtumba iliyo nzima. Utakutana na fundi atakayebonyeza ukingo wa skrini na mistari ikapotea, naye akakuambia tayari amepata ugonjwa. Ni kweli ameupata: ni riboni, zile filamu nyembamba zinazounganisha kioo na bodi yake, zimeachia. Lakini dawa yake ya kubana kipande cha raba au karatasi ili iendelee kubonyea ni dawa ya kumfikisha mteja nyumbani. Mashine za kubandika riboni upya zipo mijini, ila hutumika zaidi kwenye televisheni kubwa ambazo bei yake inabeba gharama hiyo. Kivuli cha picha ya zamani kinachobaki hafifu baada ya kuiacha skrini kwenye ukurasa mmoja siku nzima si kifo cha kioo. Acha ukurasa mweupe usiku mmoja, au izime kabisa, mara nyingi hufutika. Nukta moja mbili zilizokufa nazo si sababu ya kuuza. Zinamsumbua anayehariri picha; mwenye duka la vipodozi anayeandika mauzo yake hatazikumbuka kesho.

Tukifika kwenye pesa, watu wengi hukosea kitu kimoja: hulinganisha gharama ya fundi na bei waliyonunulia monita. Bei uliyonunulia imekwisha kuondoka, haihusiki tena. Linganisha na bei ya kununua leo monita kama hiyo, ya mtumba, inayofanya kazi. Na kwenye gharama ya kutengeneza, jumlisha kile ambacho ungelipwa ukiiuza ikiwa mbovu, maana ukiitengeneza umekiacha.

Chukua mfano, tarakimu ni za kukokotolea tu. Monita nzima ya mtumba kama yako inauzwa shilingi 140,000. Mbovu kama ilivyo, kuna anayekupa 30,000. Fundi anataka 45,000. Gharama yako halisi ya kutengeneza ni 75,000, nusu na kidogo ya bei ya nyingine, na utabaki na monita ambayo unaijua historia yake. Tengeneza. Sasa fundi huyohuyo akitaka 90,000, gharama halisi inakuwa 120,000. Umebakiza 20,000 tu dhidi ya ile nzima, na bado unabeba hatari kwamba itazima tena mwezi ujao. Uza. Mpaka wangu mimi ni kama nusu hivi kwa monita ya kawaida. Nasogea hadi theluthi mbili kwa monita nzuri ya LED yenye stendi ya kupanda na kushuka na rangi za kuaminika, kwa sababu hiyo sokoni haipatikani kila siku.

Usisahau waranti kabla ya yote hayo. Monita za ofisi za makampuni makubwa mara nyingi huja na miaka 3, na namba ya mfululizo iliyo kwenye stika ya nyuma inaweza kuangaliwa kwenye tovuti ya mtengenezaji. Zilizoingia nchini kama mtumba kutoka Ulaya au Dubai kwa kawaida waranti yake haikufuati. Lakini iliyonunuliwa mpya dukani, ikiwa bado ndani ya muda, usikubali bisibisi iiguse.

Kuna hoja ya umeme pia, ambayo wauza monita mpya hupenda kuitumia kutisha. Monita ya mirija ya inchi 22 inatumia kama wati 40. Ya LED ya ukubwa huo kama 20. Tofauti ya wati 20, kwa saa 8 kwa siku, siku 300 za kazi, ni uniti 48 kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya uniti unayonunua kwenye LUKU. Si pesa ya kutupa, lakini pia si pesa ya kukufanya ununue monita mpya wiki hii. Kwa mwenye intaneti kafe ya monita kumi na tano, hesabu ni nyingine.

Ukiamua kutengeneza, kwenda kwa fundi kuna adabu yake. Piga picha stika ya nyuma yenye namba kabla hujaondoka nyumbani, na picha ya skrini kama bado inaonyesha chochote. Mwambie fundi dalili, usimwambie ugonjwa: "inachelewa kuwaka asubuhi" ni bora kuliko "kapasita imekufa", kwa sababu ukimtajia kapasita atabadilisha kapasita hata kama si yenyewe. Mkubaliane hela ya kuifungua na kupima, na kwamba itakatwa kwenye malipo kama kazi itaendelea. Omba vifaa vya zamani urudishiwe. Kama ana nafasi, kaa hapo akifungua. Fundi mwaminifu hachukii, na utajifunza. Ukiiacha, mkubaliane siku. Monita inayokaa kwenye benchi mwezi mzima huanza kugeuka spea za wengine bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya mwanzoni. Siku ya kuichukua iwashe, iache iwake angalau nusu saa hapohapo, kisha izime na kuiwasha tena ikiwa imepoa kidogo. Na omba dhamana ya maneno yaliyoandikwa, hata kwenye risiti ya kawaida: tatizo hilihili likirudi ndani ya mwezi, kazi ni bure.

Ukiamua kuuza, ujue kwanza unauza nini. Monita yenye kioo kizima na bodi iliyokufa ni mali kwa fundi, maana yeye ana nyingine yenye bodi nzima na kioo kilichopasuka. Vioo havifuati chapa ya nje. Kioo cha LG cha inchi 23 chenye namba inayoanza na LM230WF kilifungwa ndani ya monita za chapa zaidi ya moja, Dell ikiwemo. Kwa hiyo fundi wa chapa yoyote anaweza kukihitaji. Kinyume chake, monita ya kioo kilichopasuka bado ina bodi mbili, stendi, adapta na kebo, na kila kimoja kina mnunuzi. Usiifungue ili uuze vipande mwenyewe kama si kazi yako. Lakini usiitenge na stendi na adapta yake. Bila hivyo, mnunuzi anashusha bei mara mbili, kwa kitu chenyewe na kwa usumbufu.

Tangazo liwe la kweli. Andika "mbovu, inauzwa kwa spea" katika mstari wa kwanza, si wa mwisho. Weka picha ya mbele ikiwa imezimwa, ikionyesha kioo hakina ufa. Picha ya stika. Picha ya kile kipimo cha tochi kama kilionyesha kivuli. Picha hiyo moja humthibitishia fundi kwamba kioo ni kizima kuliko aya tatu za maelezo, na hupandisha bei. Ukiuza kupitia Jiji au Marketplace ya Facebook, kutaneni mahali penye watu, ikiwezekana dukani kwa fundi wake, aipime mbele yako. Baada ya kupima akalipa, biashara imekwisha kwa heshima. Anayeficha mstari wa wima kwa kupiga picha skrini ikiwa nyeusi, akaandika "haina shida yoyote", anajitafutia maneno. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 kwa Kenya na Sura ya 214 kwa Tanzania, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo yake. Wachache watafika mahakamani kwa monita, ila mnunuzi aliyedhulumiwa ana namba yako ya simu, na anajua mlikokutana.

Wakati mzuri wa kuuza ni sasa. Monita mbovu iliyoachwa stoo haipandi bei: unyevu unaila, kebo inachukuliwa, adapta inahamia kwenye ruta, na mifano mipya ya mtumba inaendelea kushuka bandarini. Anayekupa 30,000 leo, baada ya mwaka atakupa 10,000 na kukuomba umsaidie kubeba.

Pia kuna njia ya kutofanya lolote. Monita yenye mstari mmoja ukingoni, au nukta zilizokufa, au kona iliyofifia, inaweza kutazama kamera za ulinzi za duka, au kukaa kwenye kompyuta ya kuchapishia stakabadhi, au kuwa ya pili pembeni ya ile nzuri, ya kuwekea barua pepe. Zile za umbo la karibu mraba, inchi 17 na 19, zenye kipimo cha 1280 kwa 1024, zinakaa vizuri kwenye kaunta nyembamba ambapo pana haitoshi. Ukimpa mwanafunzi wa ufundi wa VETA, atajifunzia.

Isiyofaa popote usimpe muokota vyuma chakavu aivunje uani kwako. Ile mirija ya monita za zamani ina zebaki, miligramu chache tu kila mmoja, lakini ikivunjwa ndani ya chumba mnaivuta. Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea taka za elektroniki. Rwanda ina kiwanda cha Enviroserve kule Bugesera. Kwa Tanzania, iulize ofisi ya kanda ya NEMC, wasimamizi wa mazingira, kuhusu wakusanyaji wenye kibali walio karibu nawe, na uipeleke ikiwa nzima, haijafunguliwa. Adapta na kebo zibakize nyumbani, ukiandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya adapta volti zake na ilikuwa ya monita gani.